Mumeo Akishika Paswedi za Watu 400

Mume wangu ni fundi wa mitandao, na ofisini kwao kuna watu kama 400. Kila asubuhi wote wanapita mlango mmoja uitwao Kerberos, mfumo uliobuniwa chuo cha MIT kule Marekani miaka ya 1980 na kupewa jina la yule mbwa mwenye vichwa vitatu wa hadithi za Kigiriki. Raha yake, neno lako la siri, yaani paswedi, halisafiri kwenye mtandao. Unathibitisha tu kwamba unalijua, unapewa tiketi ya saa kadhaa, unaendelea na kazi.

Mwaka jana bosi akaamuru paswedi za wote zibadilishwe usiku mmoja. Kwa mkono ungekesha wiki nzima. Mwenzangu akaandika programu fupi: inasoma orodha ya majina, inampa kila mtu paswedi ya kubahatisha, inaenda kwa anayefuata. Mimi mke, roho ikanidunda.

"Baba Neema, kwa hiyo za wale wadada wote utazijua?"

"Mama Neema, nikizijua, likitokea la kutokea wa kwanza kukamatwa ni mimi."

Akanionyesha: zile ni za muda tu. Ukiingia mara ya kwanza, mfumo unakulazimisha uweke yako, na hiyo hata yeye haijui. Jamani, nikapumua.

Sasa kuna shosti wangu anafanya kazi hukohuko. Ofisi ilikuwa inawalazimisha kubadili kila siku 90, basi yeye anaandika jina la mchumba na namba. Siku ikifika anapandisha namba. (Wengi ndiyo mchezo wao, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 inashauri watu wasibadilishiwe kwa kalenda, bali pale siri inapovuja.) Mchumba aliujua mtindo huo. Uchumba ukavunjika, laptopu ya kazi ikabaki kwa mwanaume, naye anasoma barua pepe zake kama gazeti.

Saa tano usiku simu ikaita. "Shemeji, nibadilishie sasa hivi!"

Programu ilimaliza kwa sekunde. Ila tiketi ambayo jamaa alishachukua haifi kwa kubadili paswedi, inaishi mpaka muda wake uishe. Tukakaa naye kwenye simu, sisi watatu, tukihesabu masaa.