Nilimchapa kwa Somo Nililomfundisha

Nilimchapa mwanafunzi kwa kufanya nilichomfundisha. Ilikuwa mwaka 2019, darasa la tano, katika shule moja ya msingi pande za Nyabibuye, wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Viboko viwili, mkononi. Nawaandikia walimu wenzangu wa Uraia na Maadili, na yeyote anayefundisha watoto stadi za maisha, kwa sababu njia iliyonifikisha pale ni ya kawaida sana, na huenda nawe umeshaianza.

Wiki ile tulikuwa tunajifunza kusema hapana. Muhtasari wa Uraia na Maadili wakati ule ulijengwa juu ya umahiri mkuu sita: kuiheshimu jamii, kuithamini, kuwajibika, kustahimili, kuwa mwadilifu na kudumisha amani. Ndani ya umahiri huo, habari ya mtoto kujilinda ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Niliandika hatua nne ubaoni: simama wima, mtazame anayekuambia, kataa kwa heshima, toa sababu. Watoto wakanakili. Kisha tukafanya igizo, nalo likanoga mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia dirishani.

Kosa lilikuwa limeshaanza humo kwenye igizo. Mtu mbaya alikuwa mgeni kila mara. Kwanza alikuwa dereva wa bodaboda mwenye soda mkononi, kisha mfanyabiashara mwenye simu mpya, kisha watoto wakamgeuza kuwa mtu aliyevuka mpaka, na kijana aliyemwigiza akaanza kuongea kwa lafudhi ya Kirundi. Kambi ya Mtendeli, wilayani mwetu, ilikuwa na wakimbizi wa Burundi tangu Januari 2016. Watoto wale walikuwa wakikutana na Warundi sokoni na mashambani, watu ambao lugha yao na Kiha chetu zinasikilizana bila mkalimani. Darasa likacheka. Nilinyamaza. Nilikuwa nimetoka kuwafundisha kuiheshimu jamii, na hilo nalo ni kosa langu.

Igizo la namna hiyo sikulizua mimi. Stadi za maisha ziliingia shuleni kwetu kwa nguvu kupitia elimu ya UKIMWI, na walimu wa rika langu tunalikumbuka tangazo la Fataki redioni, yule mtu mzima mwenye fedha anayewarubuni wasichana wa shule. Tulizoea kuiona hatari ikitoka nje ya kijiji, imevaa vizuri. Baba mdogo, jirani anayeheshimika, mama mwenye nyumba, mwalimu: hao hawakuwahi kuingia kwenye maigizo yetu kama watu ambao mtoto anaweza kuwakatalia jambo. Sikuwaza kuwaingiza.

Siku chache baadaye mwanangu alishikwa na homa, ndoo zote nyumbani zilikuwa tupu, na ndugu aliyekuwa akinisaidia alikuwa amesafiri kwenda Kibondo. Niliingia darasa la tano katikati ya kipindi cha hisabati, kipindi ambacho hakikuwa changu, nikamwita binti mmoja mpole mwenye mwandiko mzuri, nikamwambia aende nyumbani kwangu, achukue ndoo, ateke maji.

Akasimama wima. Akanitazama usoni. Akasema, "Naomba nisiende, Mwalimu. Tuna hisabati, na jana sikuelewa."

Darasa zima lilikuwa linatusikiliza, na mwenzangu wa hisabati alikuwa amesimama na chaki mkononi. Mimi nililelewa kwamba mkubwa akisema nawe, unainamisha macho. Macho yale yaliyonitazama sawasawa niliyaona kuwa ni jeuri, ingawa ni mimi niliyeyaandika ubaoni kama hatua ya pili. Sababu aliyoitoa sikuisikia kabisa. Nilisikia kukataliwa, tena mbele ya watu. Nikamchapa. Akaenda kisimani.

Kanuni za adhabu ya viboko zinampa mkuu wa shule mamlaka hayo, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Sikuwa nimeteuliwa. Sikuandika popote. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano kule Bukoba alifariki baada ya kuchapwa shuleni. Ofisini kwetu tulilizungumza jambo lile siku nyingi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolaani kwa sauti kubwa. Nilijiona mwalimu wa aina nyingine kwa kuwa nilikuwa nachapa kidogo.

Basi ikaja mitihani ya nusu muhula. Swali moja nililitunga hivi: mtu anakuagiza jambo litakalokunyima haki yako, eleza hatua nne utakazochukua, na utoe mfano. Nilikuwa nasahihisha usiku, nimechoka, kalamu nyekundu inakwenda yenyewe. Nikafika kwenye karatasi ya binti yule. Hatua ya kwanza, vema. Ya pili, vema. Ya tatu, vema. Ya nne aliandika, kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka: toa sababu, mfano, "Tuna hisabati."

Mkono ulisimama. Nilisoma tena, nikitafuta kama kuna hasira au kejeli, na hakukuwa na hata moja. Niliwaomba mfano, naye aliandika mfano aliokuwa nao. Jibu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa somo langu. Lilikuwa sahihi pia siku ile darasani, neno kwa neno, na tofauti pekee ni kwamba karatasini haliwezi kunitazama usoni. Nikampa alama zote. Sikuwa na namna nyingine.

Kisha nikarudi kwenye karatasi za wenzake nilizokwisha kusahihisha. Karibu wote walikuwa wameandika bodaboda na soda. Hakuna aliyemtaja mzazi, jirani wala mwalimu. Nilikuwa nimezipa karatasi zile vema kwa furaha jioni ile ile, nikidhani somo limeingia. Kwa kweli lilikuwa limeingia. Walijifunza kwamba hapana ni ya wageni, na kama kuna aliyekuwa na shaka, viboko vyangu viwili vilimwondolea. Ni mmoja tu kati yao aliyelichukua somo kama linavyohusu maisha yake, na huyo ndiye niliyemchapa.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa nilimchapa mbele ya darasa. Alijibu, "Sawa, Mwalimu," macho yakiwa chini. Hakunikatalia jambo tena mpaka alipomaliza darasa la saba.

Mwaka uliofuata msichana mwingine wa darasa lile alipelekwa Kasulu kufanya kazi za ndani. Baadaye niligundua kwamba wenzake walijua tangu kabla ya likizo, na kwamba yeye mwenyewe aliwaambia hataki kwenda. Mimi sikuambiwa. Hakurudi shule.

Mwaka 2022 ALiVE, tathmini ya stadi za maisha na maadili, ilipita majumbani Kenya, Uganda na Tanzania kuwapima vijana wa miaka 13 hadi 17 katika kujitambua, kushirikiana, kutatua matatizo na heshima. Wapimaji waliwafuata vijana nyumbani, kaya kwa kaya, wakakaa nao na kuwasikiliza. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria karatasi zangu. Mtihani wa kuandika ulinipimia kumbukumbu. Kipimo chenyewe kilikuwa kimeshapita, siku ya ndoo, na aliyefeli nilikuwa mimi.

Sasa igizo la kwanza ninalolipanga ni la mwalimu anayemtoa mtoto kwenye kipindi. Mtoto anacheza mwalimu, mimi nacheza mwanafunzi. Huwa hawacheki haraka, wanatazamana kwanza. Ofisini mwalimu mmoja alinilalamikia kwamba nawafundisha watoto kutukatalia. Nilimjibu ndiyo, pale tunapokosea. Tulibishana sana, lakini tukakubaliana kwamba hakuna mtoto atakayetolewa darasani kwenda nyumbani kwa mwalimu, na kwetu imeshika.

Nyumbani kwa watoto ndiko kugumu, na huko sikuwa nimewahi kwenda kueleza. Watoto walibeba somo langu wakafika nalo kwa watu ambao hawajasikia lolote, na nina hakika kwamba wengine waliadhibiwa kwa ajili yake. Kwa hiyo niliomba nafasi kwenye mkutano wa wazazi. Niliwasimulia habari ya ndoo yote, na viboko. Bibi mmoja akauliza, "Na mjukuu wangu akinikatalia kwenda kuvuna maharage?" Nikamwambia amuulize sababu kwanza, aisikilize mpaka mwisho, kisha aamue yeye kama mkubwa. Akafikiri. Akasema atajaribu, ila maharage yakikauka shambani hawezi kuahidi.