Roboti Bila Mkono

Gundam wangu wa kwanza nilimtoa kwa gunia la mitumba sokoni Eldoret, kati ya dubu wa manyoya na magari yasiyo na magurudumu. Mkono wa kushoto haukuwepo. "Hiyo beba na hamsini tu, kijana," mama muuzaji akasema.

Kaka yangu ndiye aliyemtambua: roboti wa katuni ya Kijapani iliyoanza 1979. Kwenye hadithi ana mita 18. Gawanya kwa 144, unapata sentimita 12 na nusu. Akatoa rula ya shule, akapima, hesabu ikakubali. Sijawahi kupenda hesabu kama siku hiyo.

Sasa niko nao saba, wote wa magunia, wote vilema. Wapya wa Bandai, wale unaunganisha mwenyewe bila gundi? Hiyo ni bei ya kodi, buda.

Kaka alienda Qatar, kazi ya ulinzi. Akanitumia picha ya boksi jipya. "Sifungui mpaka nirudi, tuunganishe pamoja." Huu ni mwaka wa tatu.

Kwenye rafu nimeacha nafasi ya sentimita 13. Mama akinitembelea huweka kikombe pale. Nakiondoa.