Taa ya Mdogo Wangu

Wageni wanaosali nasi hapa Katumba Songwe huuliza habari za taa iliyo karibu na madhabahu, ile inayomulika ukuta wa nyuma kwa rangi. Wengi hudhani tumeletewa na marafiki wa Ujerumani. Ninapowajibu kwamba ni taa ya disko, hucheka wakidhani ni utani wa Mchungaji. Lakini ni taa ya disko kweli, na ilikuwa ya mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa mpiga muziki wa sherehe. Alikuwa na spika mbili kubwa, jenereta, na taa hiyo yenye kichwa cha plastiki kama nusu ya chungwa kilichokatwakatwa mapande, kinachozunguka na kutawanya rangi ukutani. Alikwenda kwenye harusi, ubarikio, hata sikukuu za watoto. Msimu wa kuuza mpunga na kakao, pesa zikiwa mikononi mwa watu, tuliweza kumaliza mwezi bila kumwona nyumbani kwa mama.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha theolojia, nina vitabu sanduku zima na majibu ya kila swali. Jumapili moja nilihubiri juu ya watu wanaowamulikia wenzao njia ya upotevuni kwa taa za rangi. Sikumtaja jina. Haikuhitajika, maana Katumba Songwe nzima ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye taa za rangi, naye alikuwa ameketi karibu na dirisha la tatu, kwenye benchi la upande wa wanaume. Alisikiliza hadi mwisho, akapokea baraka, akatoka. Hakurudi tena kanisani. Ila kila mwezi bahasha yake ya ahadi ilifika kwa mkono wa mama, na mweka hazina akaandika jina lake kama kawaida. Hilo liliniudhi kuliko kama angeacha kutoa. Leo naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Aliugua ghafla wakati wa masika, akiwa Matema kwenye kazi. Anayeijua Kyela anajua masika yetu: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa kwa wakati mmoja, na barabara hugeuka mashamba ya mpunga. Nilichelewa siku mbili. Nilipofika, mwili ulikuwa umeshafungwa sanda, na mwenye nyumba alinikabidhi boksi lenye waya, maiki moja na ile taa.

Boksi hilo lilikaa chini ya kitanda changu zaidi ya mwaka. Mama hakuuliza. Mke wangu alipofagia alilisogeza, kisha akalirudisha palepale.

Aliyelitoa ni kijana wa kipaimara, fundi simu pale sokoni, ambaye alikuja kutengeneza redio akaliona. Aliiwasha taa. Iligeuka kwa shida, ikatoa rangi hafifu. Akaifungua, akanionyesha kwamba ndani mlikuwa na taa ndogo tatu tu za LED, nyekundu, kijani na bluu, na tatu hizo zilikuwa zimechoka. Akasema, “Mchungaji, hii nikiibadilisha moyo, itamulika kanisa zima.” Sikumjibu siku hiyo. Baada ya wiki nilimpelekea.

Aliagiza ukanda wa taa ndogo ambazo kila moja ina chipu yake ndani na huamriwa peke yake na kibodi kidogo kinachoandikiwa programu. Tulikata taa 48, tukazizungusha kwenye kipande cha bomba la alumini ili joto lisiyeyushe plastiki. Nasema “tulikata”, ingawa kazi yangu kubwa ilikuwa kushika kurunzi anapochomea kwa risasi. Mara ya kwanza haikuwaka hata moja. Alikuwa ameunganisha waya kwenye mwisho wa ukanda badala ya mwanzo, na mshale mdogo uliochorwa pale ulikuwa ukituonyesha njia muda wote. Mara ya pili ziliwaka vizuri mpaka tulipotaka nyeupe, hapo zikafifia na kibodi kikazima na kuanza upya. Kijana akapiga hesabu kwenye kiganja: kila taa ikitoa nyeupe kamili hula kama miliampea 60, mara 48 ni karibu ampea 3, na sisi tulikuwa tumeichomeka kwenye chaja ya simu ya ampea moja. Ilibidi kununua chanzo cha umeme cha volti 5 na ampea 4.

Kisha ikaharibika taa ya kumi na saba, na zote zilizofuata zikawa giza. Nilidhani ukanda mzima umekufa. Kijana akanieleza kwamba ujumbe haufiki kwa taa zote kwa pamoja. Taa ya kwanza hupokea maagizo ya wote, huchukua sehemu yake, na kilichobaki hukipitisha kwa ya pili, nayo vivyo hivyo hadi ya mwisho. Moja ikikataa kupitisha, walio nyuma yake hawapati kitu, hata kama wenyewe ni wazima. Akaikata ile mbovu, akaunga nyingine, mwanga ukaenda mbele.

Ndugu zangu wachungaji wataona mara moja kuna mahubiri hapo, na mmoja ameshaniomba. Nimekataa kuyahubiri. Nilipomsikiliza kijana yule akieleza, nilijua ni nani alikuwa ya kumi na saba.

Tulipoleta taa kanisani, baadhi ya wazee wa kanisa walisimama kidete. Mmoja alisema, kwa heshima zote, kwamba taa hiyo ameiona kilabuni na hawezi kuiona tena madhabahuni. Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa sababu maneno yake yalikuwa yangu mwenyewe miaka michache iliyopita. Niliwaeleza juu ya nyota za Herrnhut, ambazo ndugu zetu Wamoravian huzitundika wakati wa Majilio: zilianzia katika shule ya bweni ya Wamoravian huko Ujerumani, karne ya 19, kwenye somo la jiometria. Wavulana walikuwa wakijifunza maumbo kwa karatasi, na leo hakuna anayeuliza kama hesabu ina haki ya kuingia kanisani. Mzee akasema jiometria na disko si kitu kimoja. Kweli si kitu kimoja. Hapo nikawaambia jambo ambalo sikuwa nimepanga kulisema, kwamba taa ni ya nani, na kwamba niliyemfukuza kanisani kwa mahubiri ni mimi. Kimya kilikuwa kirefu. Mzee yuleyule akauliza kama inaweza kutulia bila kuzunguka. Inaweza. Basi, akasema, ifungwe.

Kijana aliipangia rangi za kalenda ya kanisa: zambarau kwa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Krismasi na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste, na kijani kwa zile Jumapili nyingi zisizo na sikukuu. Kila rangi inaundwa na zilezile tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa viwango 256, hivyo zambarau yetu ilitafutwa jioni nzima kabla haijafanana na kitambaa cha madhabahu. Tulikwama kwenye Ijumaa Kuu. Kitambaa cha siku hiyo ni cheusi, na taa haina nyeusi. Kijana alijaribu bluu nzito, ikawa kama usiku wa mbalamwezi. Mwishowe aliandika kwamba siku hiyo izime yenyewe.

Mama yangu huketi benchi la mbele. Macho yake yameingia ukungu, haoni nyuso, ila anatambua mwanga. Kila Jumapili huniuliza mlangoni, “Leo ni rangi gani?” nami humwambia, ingawa nashuku kwamba anaijua.

Katika mkesha wa Krismasi uliopita jambo moja lilitokea. Taa ya zamani ilikuwa na kinasa sauti kidogo kilichoifanya ichezee muziki, na kijana hakukitoa. Alikiacha tu ndani ya programu, kikiwa kimezimwa. Sijui kama usiku ule alisahau au alikusudia, na sijamuuliza. Kanisa lilijaa hadi nje, mvua ilikuwa imekatika, vyura wa mashambani wakishindana na kwaya. Kwaya ya vijana ilipoanza kuimba na ngoma ikaingia, ukuta mweupe nyuma ya madhabahu ukaanza kuruka. Ukawa bluu, ukawa dhahabu, ukarudi mweupe, ukifuata kila pigo.

Nilimwona mzee wetu akigeuka kunitazama. Niliinuka nikamwashirie kijana azime. Ndipo nikasikia kicheko kwenye benchi la mbele. Mama alikuwa akipiga makofi, uso wake umeelekea ukutani, akicheka kama sijamwona akicheka tangu Matema.

“Amekuja,” akawaambia wanawake waliokaa naye. “Nilimwambia asichelewe ibada, na amekuja.”

Mimi ni mchungaji. Najua tunachokifundisha juu ya waliolala katika Bwana, na najua nilipaswa kumwambia nini mama baada ya ibada. Niliketi. Mzee naye alikuwa ameacha kunitazama, mguu wake mmoja ukigonga sakafu polepole chini ya benchi.