Tuta la Kwanza Nyuma ya Nyumba

Boise, Idaho, mwezi wa Mei

Yaya,

Jumapili uliniuliza kwa simu: mke wa mtoto wetu amepata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hapo Baraka, hajawahi kushika jembe, aanze na mboga gani? Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Swali lako nimezunguka nalo wiki nzima.

Mimi nilipofika huku nilichagua kwa hamu. Nilitamani sombe. Ya hapa tunainunua dukani imeganda kama tofali, unaikatia kwenye sufuria kwa kisu. Lakini muhogo unataka karibu mwaka mzima wa joto, na Boise inakupa siku kama 150 tu zisizo na baridi kali, kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzo wa Oktoba. Muhogo nikauacha, haraka sikuiacha. Mwezi wa Aprili jua liliwaka siku tano mfululizo, nikatoa miche 18 ya nyanya niliyoilea dirishani, nikaipanda. Usiku wa sita umande uliganda. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea. Ukiyashika yanakuachia maji vidoleni kama mboga iliyochemshwa. Nilikaa juu ya ndoo nikalia, yaya. Mzee jirani akaja, akanionyesha mlima unaoitwa Shafer Butte. Alisema, theluji ikionekana bado kule juu, nyanya haitoki ndani. Sasa kila asubuhi nautazama mlima huo kama tulivyokuwa tukiyatazama mawingu upande wa Ubwari.

Mwaka uliofuata nilifanya jambo moja, na ndilo ninalotaka mkwe wetu alifanye. Niliweka karatasi mezani nikaandika, wiki mbili, kila tulichokula na bugali. Lengalenga siku tano. Maharage siku nne. Matembele mara tatu. Kabichi mara moja, na watoto waliiacha sahanini. Kabichi nikaifuta.

Basi aanze na lengalenga. Mbegu yake ni ndogo kama mchanga, kwa hiyo aichanganye na mchanga mkavu ndipo aimwage, isije ikaota imesongamana. Baada ya wiki nne au tano achume vile vichwa vya juu, asing'oe shina: ukikata kichwa kimoja yanachipua matawi mawili pembeni, na jikoni hapakauki. Mzee jirani amekuwa akimng'oa ndugu wa porini wa lengalenga kama gugu miaka yote. Siku nilipompelekea sahani, nimeikaanga na mawese na ndagala, alirudi kuuliza mbegu.

Matembele yafuate. Vipande vya mashina tu, ardhini, na yakishatanda magugu hayapati nafasi. Kwa mtu anayejifunza, hilo ni pumziko kubwa. Maharage apande na watoto, maana mbegu yake inashikika na wataenda kuichungulia kila siku mpaka itoke. Nyanya asizidishe miche sita. Kwenye mvua za kwetu ukungu unazimaliza, wewe unajua, na mtu akipoteza nyanya 40 mara ya kwanza jembe analitupa. Vitunguu vingoje mwaka kesho, vinakalia ardhi miezi mingi mno.

Na tuta liwe dogo: hatua nne kwa mbili. Mimi nililima uwanja wote, na kufikia Julai magugu yalinifika magotini huku nikitoka kazini usiku.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko mbegu, nalo ni maji. Huku Julai na Agosti mvua karibu haipo kabisa. Tunaishi kwa mifereji inayotoa maji mtoni. Ninyi sasa mvua zinaisha, mpaka Septemba ni kiangazi. Wanaolima kando ya mto Mutambala wataendelea kuchuma, lakini yeye yuko nyuma ya nyumba. Kule kambini Nyarugusu tulikuwa tunamwagilia matembele kwa maji tuliyooshea sahani, na yalitulisha. Anaweza kufanya hivyo, ila kwa tuta dogo tu. Ua pia ajenge kabla ya kupanda, siyo baada: mbuzi wa Baraka hawabishi hodi.

Mbegu za lengalenga usinitumie, ingawa nazitamani. Bila cheti cha afya ya mimea zinachukuliwa zikifika. Zangu nilipewa na mama mmoja wa Fizi tuliyekaa naye kambini. Kila mwaka naacha mashina matatu yakomae, nakung'uta vichwa vyake juu ya kitambaa cheupe, na zile punje nyeusi nazitia kwenye chupa ya dawa iliyokwisha. Chupa hiyo iko mbele yangu ninapoandika. Mlimani theluji imebaki alama moja, upana wa kitenge.

Mwambie mkwe wetu ahesabu hatua kutoka kwenye tuta mpaka mahali anapochota maji, kisha uniambie ni ngapi. Jumapili nitapiga mapema.