Gari la Tanga na Amana ya Ayany

Juma lililopita hatukuonekana darasani, na baadhi ya mama zetu wametuuliza tulikuwa wapi. Tulikuwa Nairobi, mtaa wa Ayany, upande wa Kibera, tulikoitwa na dada yetu mmoja mjane kwa shauri la gari. Kwa idhini yake tunayaandika tuliyoyakuta, kwani jambo hili huenda kesho likabisha hodi katika nyumba nyingine.

Tulipanda treni Miritini asubuhi, tukiiacha nyuma bandari ambayo ndiyo mlango wa magari ya Kenya, na hata ya Uganda na Rwanda. Tukawaza: magari yanashuka melini hapa kwetu, na kijana wa dada yetu amekwenda kulitafuta lake Tanga!

Alasiri ilitukuta Makina, tukaswali huko kabla ya kuingia Ayany. Asiyeijua Kibera hudhani ni mabati matupu, kumbe Ayany ni mtaa wa nyumba za mawe, maduka, na watoto wa chuoni wenye juzuu mikononi. Makina ndiyo makao ya Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliowekwa hapo na Waingereza. Hata jina la Kibera limetoka katika lugha yao, kwa maana ya msitu. Zaidi ya miaka mia moja walikaa bila hati ya ardhi yao, hadi mwaka 2017 walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Basi watu wa pale hawahitaji kufundishwa uzito wa karatasi. Lakini kijana ni kijana.

Dada yetu alitukaribisha kwa chai na mahamri yaliyofunikwa kwa kawa la rangi rangi, kisha akanyamaza. Mwanawe ndiye aliyesema. Alipata Tanga gari la bei nafuu, akitaka kubebea watoto wa shule. Akatoa arbuni ya shilingi 80,000. Fedha hizo hazikuwa zake. Zilikuwa za chama cha akina mama kumi na wawili, na mamake ndiye mweka hazina. Alimpa mwanawe bila kuwaambia wenziwe, akitumaini zitarudi kabla ya zamu ya mtu kufika. Zamu ilikuwa Jumapili.

Tukamwuliza kijana, "Gari hilo lilisajiliwa mara ya kwanza mwaka gani?"

"2013, mjomba."

Hapo shauri lilikuwa limekwisha. Kenya haipokei gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka wa 2025, lililosajiliwa kabla ya 2018 halikupokelewa. Tanzania hupokea magari makongwe zaidi, ingawa huyatoza ushuru wa ziada, na ndiyo sababu kijana wa Kenya akivuka Horohoro huona bei zinazomvutia. Tena wengi hudhani kwamba kwa kuwa tu Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, gari lililolipiwa ushuru Tanzania halilipiwi tena hapa. Sivyo. Msamaha wa ushuru ni wa bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya. Gari lililoundwa Japani haligeuki la Afrika Mashariki kwa kukaa Tanga. Likihamia Kenya hulipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16.

Kijana akasema, "Muuzaji ameniambia niliingize kwa kibali cha mgeni, na namba zake za Tanzania. Kibali kikiisha, ninarudi mpakani kukata kingine. Wengi hufanya hivyo, mjomba."

Tukamwambia: kibali hicho ni cha msafiri anayekuja na kurudi, nawe ni mkazi wa Ayany. Utasema uongo kila safari, na siku utakayokamatwa gari litazuiliwa na watoto wa watu wakiwa ndani. Riziki ya namna hiyo, mama yako ataombaje ibarikiwe?

Likabaki suala la arbuni. Fiqhi inalijua kwa jina hilo hilo. Wanavyuoni wengi, na Imamu Shafi miongoni mwao, hawakuikubali biashara ambayo muuzaji hubaki na arbuni mnunuzi akighairi, kwa kuwa atakula mali bila kutoa kitu. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Tukampigia simu muuzaji, tukazungumza naye kwa upole, maana hakuficha mwaka wa gari. Kijana ndiye hakuuliza kama litapokelewa. Akakubali kurudisha nusu atakapopata mnunuzi mwingine. Hatukuwa na haki ya kumlaumu.

Dada yetu alitusihi tumkopeshe kiasi kilichopungua, Jumapili ipite kimya. Tulikuwa na sehemu ya fedha hizo, nasi tulimhurumia. Lakini amana iliyofunikwa kwa deni la siri bado ni amana iliyovunjwa. Tukamwambia tutachangia, ila baada ya wenyewe kujua.

Jumapili baada ya Alasiri wanawake walikusanyika. Mama alianza, machozi yakamzuia. Kijana akasimama, akaeleza yote, hakumtupia mtu lawama. Kikapita kimya kirefu. Bibi mmoja mtu mzima wa Kinubi akamwuliza:

"Kabla ya kutoa fedha, ulimwuliza nani?"

"Sikuuliza mtu, bibi."

"Basi utalipa kidogo kidogo, nasi tutaandika."

Wakaleta daftari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana deni, na jioni ile tuliiona ikitendwa katika ukumbi mdogo wa Ayany, kwa muda na kwa mashahidi. Mwenye zamu alilipwa kwa michango ya wenziwe na yetu. Dada yetu aliwakabidhi ufunguo wa kisanduku cha chama. Waliupokea, na hawakumrudishia siku ile.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuuliza kabla ya kutoa, na kusema kweli baada ya kukosea. Amin.