Saa moja ya daktari, miezi sita ya mgonjwa

Kijana akiumia goti kwenye mechi ya ndondo Dar es Salaam, ushauri humfikia kabla hajatolewa uwanjani. Huyu anamjua mzee wa kuchua huko Mbagala, yule anamtuma duka la dawa akachukue diklofenaki, mwingine anamwambia aende Muhimbili akapige picha. Hapa Leeds, Uingereza, ninakoishi hakuna kelele hizo. Unapiga simu kwa daktari wa mtaa, unaambiwa uweke barafu na upumzike, kisha utaonana na mtu wa fiziotherapia. Daktari wa upasuaji yuko mbali sana kwenye foleni hiyo, na wengine hawamfikii kabisa.

Njia zote mbili nimeziona ndani ya familia moja. Mimi gegedu lilichanika kwenye netiboli, mdogo wangu lake kwenye ndondo, na sote tuliishia kushonwa.

Kila goti lina magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga, moja upande wa ndani na jingine upande wa nje, yamekaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa ugoko. Kazi yake ni kugawa uzito wa mwili usiangukie sehemu moja. Mguu ukiwa umekanyaga chini, mwili ukageuka ghafla, gegedu huchanika. Kitakachofuata kinategemea sana mahali lilipochanika. Ukingo wa nje hupata damu, kwa hiyo ukishonwa una nafasi ya kuunga. Sehemu ya ndani haipati damu, na mara nyingi kinachofanyika ni kukata kipande kilicholegea na kusawazisha kilichobaki. Aliyekatwa kipande hutembea siku hiyo hiyo, na wengi hurudi michezoni ndani ya wiki chache. Aliyeshonwa ana safari nyingine kabisa.

Watanzania wenzangu huku hulalamika kwamba wazungu wanawanyima operesheni. Mama mmoja wa miaka 50 na ushee aliniambia angekuwa nyumbani angekuwa ameshapasuliwa zamani. Ni kweli angepasuliwa, lakini sina hakika kama angepona zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya wagonjwa 146 wa umri wa miaka 35 hadi 65, wenye magegedu yaliyochanika kwa kuchakaa. Wengine walikatwa kipande kweli. Wengine walitobolewa tu, vyombo vikalizwa kana kwamba kazi inaendelea, wakafungwa bila kukatwa chochote. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Miaka minne baadaye jopo la wataalamu katika jarida la BMJ lilishauri kwa nguvu kwamba magoti yaliyochakaa yasipelekwe kwenye upasuaji huo wa kamera. Kwa hiyo mama yule kuanzishiwa mazoezi si ubahili wa serikali. Kwetu, mwenye bima nzuri au fedha taslimu anaweza kupigwa MRI wiki hii na kulazwa wiki ijayo, na haraka hiyo tunaiita huduma bora.

Lakini Uingereza nayo isijisifu. Goti lililokwama, yaani kipande cha gegedu kimepinduka kikaziba katikati na mguu haunyooki, halitibiwi kwa mazoezi, na likikaa muda mrefu kipande kile huzidi kuharibika. Hilo linahitaji daktari wa upasuaji mapema. Langu lilikwama, nami nikaambiwa nisubiri barua. Lengo la NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, ni kwamba wagonjwa 92 katika kila 100 wa rufaa kama hizi waanze matibabu ndani ya wiki 18, na mara ya mwisho lilifikiwa mwanzoni mwa 2016. Mdogo wangu, kwa tatizo lile lile, alitangulia kushonwa.

Chumba cha upasuaji chenyewe hakina mengi ya kulinganisha. Matundu mawili madogo, kamera, maji ya kusafishia, nyuzi. Aliyemshona mdogo wangu alijua kazi yake, na picha alizotutumia zingeweza kuwa zangu. Taasisi ya MOI pale Muhimbili ipo tangu 1996 kwa ajili ya mifupa na mishipa ya fahamu, na operesheni za goti kwa kamera si jambo geni kwao.

Tofauti ilianza tulipotoka hospitali. Mimi nilirudi nyumbani jioni ile ile nikiwa na magongo, kifaa cha kushikilia goti, na karatasi ya mazoezi: kukaza msuli wa paja, kunyanyua mguu ulionyooka, kutokunja kupita nyuzi 90 kwa wiki sita, kutochuchumaa kwa miezi minne au zaidi. Kila baada ya muda fizio alinipima na kubadilisha karatasi. Mtu wa kunipikia sikuwa naye, na ngazi za nyumba hii nilizishuka kwa makalio.

Mdogo wangu alipewa vidonge vya maumivu, tarehe ya kutoa nyuzi, na neno moja: atembee taratibu. Choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa. Kwenye sala, kikao cha tahiyatu kinalikunja goti hadi mwisho. Shangazi, kwa mapenzi yote, alimkataza hata kunyanyua mguu kitandani, "Tulia baba, utatonesha." Supu ilikuja asubuhi na jioni, wageni hawakukatika, na paja likawa linasinyaa, maana msuli wa mbele ya paja hupungua haraka mno usipotumika. Kumfikia fizio aliyekuwepo kulihitaji daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na magongo mkononi, na kila kikao kulipiwa mfukoni. Mdogo wangu alikwenda mara chache akaacha.

Kilichomwokoa ni vitu vya bei ndogo. Fundi alitoboa kiti cha plastiki kikawa cha chooni, na sala akawa anasali ameketi kitini, ruhusa ambayo dini inampa mgonjwa. Mazoezi yangu nilimrekodia kwa simu baada ya daktari wake kuyakubali. Mzee wa kuchua alikuja pia, akaruhusiwa paja tu. Kulikunja kwa nguvu goti lililoshonwa ni kukata nyuzi.

Wataalamu tunao. Hospitali ya KCMC kule Moshi imefundisha watu wa fiziotherapia kwa miongo kadhaa. Tatizo ni kwamba hakuna anayewawekea bajeti, na hapo nasi wa ughaibuni tumo. Kundi la WhatsApp la familia likichanga, hesabu yetu huishia siku ya operesheni: pesa ya kitanda, ya nusu kaputi, ya daktari. Mgonjwa akitoka, tunapongezana na kundi linanyamaza.

Safari ijayo mkichangia goti la ndugu, kabla ya kutuma senti muulizeni daktari kama atashona au atakata. Akisema atashona, ongezeni nauli na malipo ya fizio ya angalau miezi mitatu, na kiti cha chooni kiwepo nyumbani kabla mgonjwa hajalazwa.