Kwenye Njia ya Kolwezi

Ukitoka Lubumbashi kwenda Kolwezi kupitia Likasi, kilometa karibu 300, utapishana na makamyo ya madini na ya asidi. Kandokando, wamama wanauza makala, watoto wanatoka masomo.

Mwezi wa pili 2019, kule Kabwe karibu na Tenke, kamyo ya asidi iligongana na basi. Watu karibu 20 walikufa, wengine waliungua.

Usiseme tu: "Ni shofere." Tajiri anayemuharakisha shofere aliyechoka, naye ana mzigo wake. Na wewe uliyepanda, una kinywa: "Papa shofere, punguza mwendo!" Kamyo ikianguka, weka watoto mbali, asidi si maji. Kuchelewa si kufa.